Dume Ndani ya Simu ya Droo

Nilipoiweka ile simu juu ya meza ya Ahmednasir, nilikuwa nimemwomba Mungu kitu kimoja tu: fundi aseme imekufa.

Sikumwambia hivyo, bila shaka. Nilivaa uso wa mama anayetafutia mgonjwa dawa. Nilifungua leso, nikafungua kitambaa ndani ya leso, nikafungua nailoni ndani ya kitambaa, nikaitoa polepole kama mtu anayetoa yai chini ya kuku mkali.

"Salaam aleikum, ayeyo," akasema bila kuinua macho. Ayeyo ni nyanya kwa Kisomali, na Ahmednasir humwita hivyo kila mwanamke ambaye meno yake yamepungua.

"Aleikum salaam. Mimi ni wa kanisa lakini leo nachukua hata hiyo."

Duka lake liko mtaa wa Wabera, limebanwa kati ya msikiti na mtu wa mahindi, upana wake kama kitanda cha mtu mmoja. Aliinua macho, akaiona simu, akaweka chini ile aliyokuwa akiikwaruza.

"Hii umeitoa wapi? Hii ni ya droo."

Hata sisi nyumbani tuliiita ya droo. Unashika kioo, unasukuma upande, na chini yake inatoka kibodi nzima, herufi zote zimejipanga kama kwa karani wa mahakama. Mwanangu Ekiru aliinunua ikiwa mitumba kwa askari mmoja aliyekuwa anahamishwa, wakati vijana wote wa mtaa walikuwa na mulika mwizi, zile simu ndogo za tochi. Aliifungua na kuifunga, tak, tak, hata kama hakuna mtu amempigia. Mtu mwenye jino la dhahabu hucheka hata matangani.

"Nataka unipimie," nikamwambia Ahmednasir. "Useme ukweli. Kama imekufa, sema tu imekufa. Nimezika watu wakubwa kuliko simu."

Akachukua bisibisi yake ndogo kama sindano ya mdudu. Akiwa anafungua, acha niwaambie kwa nini nilitaka maiti.

Ekiru alikufa miaka miwili iliyopita, lori la mbuzi lilipinduka naye. Mbuzi wengi walipona. Mke wake, Akidor, alikaa na mimi miezi sita halafu akarudi kwa baba yake kule Gotu, na simlaumu, kitanda cha mjane ni kipana sana. Aliniachia binti yao Apua. Sasa Apua ana miaka kumi na mbili, yuko gredi ya sita, ananiita ata, yaani nyanya kwa Kiturkana, ananisahihisha nikisoma gazeti, na usiku ananifunika miguu kwa sababu anajua baridi yangu huanzia huko. Sina mwingine.

Mwezi uliopita baba yake Akidor, mkwe wangu Nangiro, alikuja na mzee Ewesit, ambaye ndiye huamua mambo yetu sisi Waturkana wa hapa mjini. Nangiro alikunywa chai yangu vikombe viwili, akafuta mdomo, akasema amekuja kwa sababu ya mtoto wake.

"Mtoto wako ni Akidor, na yuko kwako," nikasema. "Umempoteza?"

"Apua," akasema.

Desturi yetu haina maneno mengi. Bwana harusi asipochoma dume la harusi likiwa hai, kwa mkuki wake mwenyewe, hakuna ndoa. Ng'ombe uliotoa ni ng'ombe tu umetembeza. Watoto wakizaliwa ni wa baba wa msichana. Nangiro akasema siku ile ya harusi hakuona mkuki, alikuta nyama.

"Hiyo nyama ilikuwa ya nini? Ya sungura?"

"Nyama si mkuki, Mama Ekiru."

Miaka kumi na mitatu hakuwa ameuliza habari ya mkuki. Lakini kuna mtu wa ngamia huko mbele ya Gotu, anayetafuta mke, ameanza kuuliza habari za Apua. Aliuliza amesoma mpaka wapi, akaambiwa gredi ya sita, akasema inatosha kuhesabu ngamia. Nangiro aliniambia hayo mwenyewe, bila kuficha, kama mtu anayekusimulia kwamba mvua imenyesha kwao. Nilikimbia kwa afisa wa watoto, akanituma kwa chifu, na chifu akasema kwanza malizeni kwa wazee. Kwa hivyo tulikuwa kwa wazee.

Ndipo nikafungua huu mdomo wangu.

"Mkuki uliingia," nikasema. "Na umo ndani ya simu ya Ekiru. Nilipiga video kwa mkono wangu."

Nilisema hivyo kwa sababu ile simu ilikuwa imelala kwenye mkebe wa chumvi tangu kabla Ekiru hajafa, haiwaki, hailii. Ilikuwa kama kumwambia mtu shahidi wako yuko mwezini. Mtu mwenye adabu angeachia hapo. Nangiro akamgeukia Ewesit. Ewesit akafikiri muda mrefu, ana meno manne na anafikiri kwa kuyanyonya, halafu akatoa hukumu: simu ipimwe na Ahmednasir, kwa sababu yeye ni Msomali, hana ng'ombe upande wowote. Fundi akisema imekufa, Mama Ekiru ataapa kwa mchanga wa kaburi la mwanawe na mtoto abaki. Ikiwa hai, tutaangalia wote, na tutakachokiona ndicho. Jumamosi.

Ilikuwa Alhamisi nilipoenda peke yangu. Mgonjwa hutangulizwa.

Sasa mnataka kujua kama mkuki uliingia. Uliingia. Shida ni saa ulipoingia.

Harusi ilitakiwa kufanyika kwa Nangiro kule Gotu, lakini mwaka ule kulikuwa na vita vya malisho na risasi zilikuwa zinalia, tukakubaliana tuifanyie mjini, kwenye ploti yangu. Majirani zangu ni Waborana, Waislamu. Walileta sufuria, walileta turubai, Sabdio wa ng'ambo ya barabara alileta mchele gunia nusu. Sasa ukichoma dume mkuki likafa, Mwislamu hali. Wewe ungeweza kupika kwa sufuria za watu halafu uwaambie wakae kando wanuse? Mimi sikuweza. Mumewe Sabdio, Waqo, alikuwa mchinjaji, akasema anaweza kutuchinjia lakini ni Ijumaa, lazima amalize kabla ya swala. Na dume lenyewe lilikuwa la kiangazi, mbavu unaweza kuning'inizia nguo. Lililala chini asubuhi na halikuonyesha nia ya kuamka.

Nangiro na watu wake hawakuwa wamefika. Walishikwa kwenye kizuizi cha polisi pale Ngare Mara kwa sababu ya mikuki waliyobeba ya kuchezea harusi. Serikali ilikuwa inatafuta bunduki, ikapata mikuki.

Basi mimi nikatoa wazo. Nilikuwa na mawazo mengi siku hizo. Nikasema, Waqo achinje kwa kisu chake, bismillahi, majirani watakula. Dume likishakufa, Ekiru asimamishe mkuki ubavuni. Mfu hachinjwi mara mbili, kwa hivyo Waqo hana shida. Na wakwe wakifika watakuta mkuki umesimama, kwa hivyo wakwe hawana shida. Watu walicheka sana. Walisema serikali ingeniajiri.

Kumbe wakwe walifika saa kumi, mkuki umeshatolewa na dume liko kwenye sufuria. Wazee wawili wa upande wetu waliokuwepo wamekufa. Waqo alihamia Kinna kulima vitunguu, na nilipompigia simu mwezi uliopita akasema, "Mimi nakumbuka nyama tu, Mama Ekiru, na ilikuwa ngumu."

Ahmednasir alikuwa amemaliza kufungua.

"Betri," akasema, na kuiweka mbele yangu. Ilikuwa imefura kama tumbo la punda. "Hii ni maiti."

"Masikini," nikasema. Moyo ulicheza.

"Tundu la chaji limeliwa na chumvi. Uliiweka wapi?"

"Kwa chumvi."

Akaniangalia. "Hili pia ni maiti. Kadi ya kumbukumbu hakuna, kwa hivyo kama kuna kitu, kiko kwa tumbo la simu yenyewe. Sasa kibodi." Akapiga mswaki kati ya herufi, na mimi nikainama kuangalia. Nyingine zote zilikuwa zinasomeka. A ilikuwa imefutika kabisa, na P na U nusu nusu. Nilisoma mpaka darasa la nne, na hizo zinanitosha kujua kijana alikuwa anaandika jina la nani kila siku.

"Ukitaka kuiuza," akasema, "hakuna mtu. Hii ni ya kuzuia mlango usipigwe na upepo."

"Basi umemaliza. Andika hivyo."

"Bado, ayeyo." Akatoa nyaya mbili nyembamba kutoka kwenye mashine yake ya stima, akaziunganisha mahali pa betri kwa mikono miwili iliyotulia kama ya daktari. Simu ikatetemeka juu ya meza. Ilitetemeka mara moja tu, kama mbuzi anayetoa nzi.

"Roho iko," akasema, na uso wake ukafurahi. Mtu akiwa na kazi anayoipenda haoni anamuua nani.

Lakini kioo kilibaki cheusi. Nikaanza kuvaa leso. Akaniambia ningoje, akashika zile sehemu mbili na kuanza kusukuma droo kidogo kidogo, sikio karibu, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Na ilipofika nusu, si wazi, si kufungwa, kioo kikawaka.

"Ona. Kuna utepe ndani, unapita kutoka kibodi kwenda kwa kioo. Kila ukifungua unajikunja, kila ukifunga unajikunja. Huyu mwenye simu alikuwa anaifungua bure bure?"

"Alikuwa anaifungua hata akilala."

"Basi ameumaliza. Umebaki uzi mmoja. Hapa nusu unashika. Ukisukuma mbele au ukirudisha, unakatika, na utepe wa aina hii hautengenezwi tena duniani." Akabandika plasta pande zote mbili ili droo isisogee. Kidole chake kikapita kwenye kioo. "Video iko moja. Inaanza na kijana wa kofia nyekundu."

Picha niliyonayo ya Ekiru ni ile ya kitambulisho tu, na pale anafanana na mtu aliyeshikwa na mbuzi wa wenyewe. Sauti yake sina popote.

"Ahmed, mwanangu," nikasema. "Si umechoka? Wewe Jumamosi waambie tu imekufa."

"Ayeyo, si umeniambia niseme ukweli?"

"Nilikuwa naongea kwa adabu."

Hakucheka. Akasema kila wiki analetewa simu za marehemu, na watu wanamwamini kama imamu, na siku atakaposema simu hai imekufa, basi afunge duka. "Lakini simu ni yako. Toa plasta uifunge sasa hivi, mimi nitawaambia nilichokikuta. Itakuwa imekufa, na ni kweli."

Aliisogeza mbele yangu. Angalieni jinsi mlango ulivyokuwa wazi. Kidole kimoja, tak, na Apua abaki.

Nami nikawa na wazo.

Nilijua ile video. Mwanzo ni Ekiru anacheka, halafu kisu, halafu mkuki mwishoni kabisa. Nikajiambia, Jumamosi nitaishika mimi mwenyewe. Nitamwona, nitamsikia, na kabla ya kisu kufika nitasukuma droo. Mikono ya mzee hutetemeka, nani atanilaumu? Nitapata uso na nitabaki na mtoto. Kisu na mkuki kwa dume moja, niliwahi kufanya.

"Iache hivyo hivyo," nikamwambia.

Jumamosi walikuja saa nne. Nangiro alikuwa ameniletea maziwa ya ngamia kwenye kibuyu, kwa sababu yeye si mtu mbaya, na hiyo ndiyo shida yangu kubwa na yeye.

"Mama Ekiru, umenenepa," akasema.

"Ni nguo nimevaa mbili. Wewe naona Gotu inakula vizuri kuliko wewe."

Ewesit aliketi kwenye kiti pekee. Apua nilikuwa nimemwacha nyumbani. Alijua kila kitu, watoto wa siku hizi wanasikia kupitia ukuta. Asubuhi alikuwa ameniuliza, "Ata, fundi akisema imekufa ndiyo nakaa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi itakuwa imekufa, ni ya zamani sana." Alinibembeleza kama mimi ndiye mtoto.

Ahmednasir alieleza vipimo vyake mbele ya wazee, betri maiti, chaji maiti, kibodi nzima isipokuwa herufi tatu, utepe uzi mmoja. "Itafunguka mara moja," akasema. "Ya pili sijui. Na isisukumwe."

"Nitaishika mimi," nikasema. "Mimi ndiye nilipiga."

Nangiro akaniangalia mikono, halafu akamwangalia Ewesit. Ewesit akasema ni haki ya mama. Ahmednasir akatoa plasta, akaniwekea simu mikononi na waya zake zinaning'inia, na akanitazama mara moja tu. Yeye alijua. Kidole gumba nikakiweka kwenye ukingo wa droo.

Ahmednasir akabonyeza.

Kofia nyekundu. Ploti yangu, turubai la Sabdio, moshi. Picha ilikuwa inayumba na nusu ya juu ilikuwa na kitu cheusi. Ekiru akakaribia, uso ukajaa kioo chote, kijana, hana hata ndevu, akacheka kile kicheko chake kinachoanzia puani.

"Mama, umeshika vibaya," akasema. "Hicho ni kidole."

Kitu cheusi kikaondoka. Jua likaingia. Nyuma yake nikamwona Waqo anashuka na kisu. Hapo ndipo nilipopanga. Kidole kilikuwa mahali pake. Nikasema moyoni, sasa. Waqo akainama, akageuza shingo ya dume kuelekea kibla, nikasikia bismillahi yake. Nikasema, sasa. Ekiru akageuka tena, akaangalia moja kwa moja pale nilipokuwa, akapunga mkono wenye mkuki.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona," nikasema.

Nilisema kwa sauti, pale dukani, mbele ya wazee. Na kidole hakikusogea. Kilikuwa kidole changu, na nilikiamuru, na kilikaa.

Basi tukaangalia yote. Dume lilitikisa mguu mara tatu likatulia. Waqo akafuta kisu kwenye nyasi. Halafu ndani ya simu ikatoka sauti ya mwanamke, karibu sana, mbele ya zote, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameishika.

"Chomeka sasa. Chomeka tu, limekufa. Wakwe watajua nini?"

Na watu wakacheka ndani ya simu, na Ekiru akacheka, akausimamisha mkuki kwenye ubavu wa lile dume kama mtu anayepanda mti. Alikuwa bado anacheka kioo kilipozima. Sikukisukuma. Kilizima chenyewe.

Mtu wa mahindi nje alikuwa anapepea makaa.

"Mkuki uliingia," nikasema baadaye.

"Uliingia," akasema Nangiro. Hakupandisha sauti. "Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kwenye mawe pale kizuizini, nimevaa manyoya ya mbuni, askari ananiuliza naenda vita gani. Nikamwambia naenda kumwoza binti yangu." Akakitazama kioo cheusi. "Mlicheka vizuri."

Nikairudisha simu mezani.

Ewesit alinyonya meno yake manne, lakini safari hii hayakumchukua muda. "Imeonekana," akasema, akasimama.

Nangiro akaniachia kibuyu cha maziwa. Mlangoni akageuka. "Nitakuja Jumatatu asubuhi. Nguo chache zinatosha. Sare aache, atampa mtoto mwingine."

Walipoondoka nikamwomba Ahmednasir aiwashe tena, kidogo tu, ile ya mwanzo, asifike kwa dume. Alijaribu. Alijaribu kweli, alisukuma milimita huku na huku mpaka adhana ikaita na hakuinuka. Mwishoni akachomoa nyaya, akaifunga droo. Haikulia tak. Akaikunja kwenye kitambaa changu yeye mwenyewe.

"Nisamehe, ayeyo," akasema.

"Wewe ulipima vizuri."

Nilitembea kwa miguu. Watu wa boda waliniita, nikawapita. Nilipofika, Apua alikuwa uani na beseni, sare iko majini, mapovu mpaka kwenye viwiko. Alisimama aliponiona, maji yakimchuruzika.

"Ata, fundi amesema nini?"

Niliitoa ile simu kwenye leso, nikampa aishike. Akaisukuma droo mbele, akairudisha, akabonyeza kila herufi, hata ile isiyo na jina.

"Amesema imekufa," nikamwambia.

Apua akacheka kile kicheko cha kuanzia puani. Akanirudishia simu, akainama kwenye beseni, akaendelea kufua sare ya Jumatatu.